Makali Niliyoyaunguza

Bariadi, usiku

Mwanangu Mabula,

Ng'wanawane, jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba neno lolote lililomo humu lisitoke kinywani mwako. Usimsomee baba yako mdogo Luhende, hata akikuuliza ni karatasi gani hiyo unayoisoma peke yako kichakani. Usimwambie guku, ingawa ni baba yangu. Mama yako hajui ninachoandika. Anadhani namalizia kazi za ofisini. Ukishasoma, ichane, uitie motoni, uangalie mpaka imeungua yote. Najua si vizuri mzazi kuanza barua ya kumuaga mwanawe kwa ombi kama hili. Sababu utaiona mbele.

Sitakuagiza mambo ya kila siku. Mama yako amekwisha kukuambia kuhusu maji, chandarua na watu wa kutowazoea haraka, na leo jioni, ulipokuja kutuaga, nimekuona ukiitikia kabla hajamaliza sentensi. Kuhusu ng'ombe sina cha kukufundisha. Ninataka kuongea nawe juu ya kisu kimoja tu, hiki kilicho mezani mbele yangu, ambacho kesho utakifunga kiunoni na kwenda nacho, nyuma ya ng'ombe wa ukoo, hadi bonde la Rukwa.

Mabula, si wewe uliyekiharibu.

Nimeandika hivyo mapema kwa sababu ninajijua. Nikianza kueleza toka mwanzo nitazunguka mpaka karatasi ziishe, na la maana litabaki bila kusemwa. Kisu nilikiharibu mimi, kabla hujakishika, na siku nilipokukabidhi nilikuwa ninajua.

Sasa nikueleze.

Kisu hiki ni springi ya lori. Lori la ushirika lilivunja springi likivuka mto Simiyu, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, na dereva akatupa vipande kando ya njia. Guku akaokota kimoja, akakipeleka kwa mhunzi wa Zagayu. Siku hizo ukitaka kisu cha kazi hukwenda dukani, ulikwenda kwa mhunzi ukiwa na chuma chako mkononi. Mhunzi alikifua, akakizima kwenye mafuta kikiwa chekundu, kisha akakirudisha kwenye makaa kidogo ili kisiwe kikavu kama kioo. Hapo katikati ndipo ulipo uzima wa kisu. Chuma kigumu mno hukatika kipande ukigonga mfupa. Kilicho laini mno hukunjika. Mhunzi alikipata mahali pake, na mkia wa chuma akaupitisha ndani ya mpini mpaka mwisho, ndiyo maana haujawahi kulegea.

Mambo haya ya moto na chuma sikuyasikia kwa mhunzi. Nilifundishwa darasani. Unajua nilisoma shule ya ufundi kabla ya kuwa karani. Mwalimu wetu alisugua kipande cha chuma mpaka kikang'aa, akakipasha moto polepole, tukaona rangi zikitembea juu yake: kwanza rangi ya majani makavu ya mpunga, kisha ya asali, kisha kahawia, kisha zambarau, mwisho buluu. Akatuambia kila rangi inayopita ni ugumu unaoondoka, na kwamba ukiiona buluu kwenye makali ya kisu, makali hayo yamekwisha; hata yakipoa hayarudi. Katika mtihani niliulizwa swali hilo hilo na nikapata alama zote. Nakuambia hili ili usije ukanitetea moyoni kwamba baba hakujua.

Kwetu, kisu hakiendi kwa mtu mwingine kabla anayekitoa hajakinoa kwa mkono wake, kwenye lile jiwe lililolala karibu na lango la boma. Mimi guku alininolea nilipoondoka kwenda shule. Alikaa pale asubuhi nzima akimwagia jiwe maji kwa kiganja, na alipomaliza alininyoa vinyweleo vya mkononi kwa kisu hicho ili nione. Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilipofika shuleni nikakificha chini kabisa ya sanduku. Siku moja wenzangu wakakiona, wakauliza kama kwetu tunalala na fisi. Nikawaambia sanduku lilikuwa la mtu mwingine zamani, na kisu nimekikuta humo.

Nikiwa na kazi na mshahara sikukitoa sandukuni pia. Biashara ilipofunguliwa na maduka ya hapa Bariadi yakajaa vitu ambavyo tulikuwa hatuvioni, nilinunua kisu cha dukani, cheupe, chenye mpini mwekundu wa plastiki. Unakikumbuka. Nilikwenda nacho kwa guku Mwamapalala kama mtu anayepeleka habari njema. Tulipochinja mbuzi, Luhende alifika kwenye goti la kwanza akaanza kukitazama kisu badala ya kumtazama mbuzi. "Kaka," akasema, "hiki ni cha kukatia keki?" Sisemi vya dukani vyote ni vibaya. Watu wa samaki kule Lamadi wanavipenda kwa sababu havishiki kutu, na wanajua kuvichagua. Mimi nilichagua kwa kung'aa.

Kwa hiyo guku aliposema, "Mabula anaondoka na ng'ombe, kile kisu kiende kwake, na utakinoa," nilikitoa sandukuni kikiwa kipana kama kilivyotoka kwa mhunzi. Kisu kilichofanya kazi huwa kinapungua upana kidogo kidogo kila kinaponolewa. Hiki hakikupungua kwa kuwa mwenyewe nilikuwa nakionea haya.

Jumamosi ile ulikuwa umepeleka ng'ombe majini, hukuona. Nilikaa kwenye jiwe. Mara nainua mgongo wa kisu juu mno, mara nakilaza kabisa. Badala ya kupata ukingo nikawa nauviringisha. Luhende alikuwa amekaa kivulini anasuka kamba ya ndama.

"Karani," akasema, "unanoa au unapiga pasi?"

"Naanza taratibu."

"Kwa taratibu hiyo tutafika Rukwa, tutarudi, na wewe upo hapo hapo. Lete nikusaidie."

"Mwache," guku akamwambia. "Ni chake yeye kunoa."

"Basi mpeni kalamu, labda atakinoa kwa kalamu."

Wanawake waliokuwa wanapepeta mtama wakacheka, na guku mwenyewe akageuka ili nisimwone anacheka. Halikuwa jambo baya, ni utani wa nyumbani. Mtu mwingine angecheka nao, akaomba kuonyeshwa namna ya kushika. Mimi nikafuta kisu kwenye suruali, nikasema kuna jiwe zuri zaidi mjini, nitamalizia huko.

Jiwe nililokuwa nalifikiria ni la umeme. Lipo kwenye karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, mafundi wanaliita grenda. Nakupeleka pale sasa, na hapa ndipo penye siri inayoweza kunifukuzisha kazi, ndiyo maana nimekuomba usinitaje.

Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe kuingia kwenye pamba, kiwanda kimepata wenye mali wapya. Makarani wa zamani tuliobaki ni wachache, na kila mwisho wa msimu mmoja wetu anaitwa ofisini na kutoka ameshika bahasha. Sisi wa mizani tumekatazwa kuingia karakana. Mimi nikipita mbele ya mlango wa meneja natembea kwa ncha za viatu, wakati hata hajaniita. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo anangoja mafundi waende kula mchana, anaingia karakana na kisu kimefungwa ndani ya gazeti.

Ndoo ya maji ya kupozea chuma ilikuwa tupu. Jiwe la umeme linazunguka kwa kasi sana, na chuma kikigusa kinapata moto kabla mkono wako haujasikia. Ni lazima ugusishe kidogo, utumbukize kwenye maji, ugusishe, utumbukize. Nililijua hilo. Bomba lilikuwa uani, hatua chache tu, lakini kutoka pale unaonekana na madirisha yote ya ofisi. Nilisimama na ndoo mkononi nikitazama bomba. Kisha nikairudisha ndoo chini.

Mwanzo nilikwenda vizuri. Niligusisha, nikaondoa, nikangoja kipoe kwa hewa. Kisha nikasikia gari getini, nikadhani ni meneja. Badala ya kuzima mashine na kuondoka, nikakibana kisu kwenye jiwe ili nimalize haraka. Cheche zilikuwa nyingi na nzuri. Nilipokitazama, kuanzia tumboni mwa kisu mpaka nchani kulikuwa na mstari wa buluu, buluu safi kama shingo ya kanga.

Gari halikuwa la meneja. Alikuwa ni mtu amekuja kuuliza bei ya mashudu.

Nilibaki nimekishika kile kisu. Nilimwona mwalimu wangu, nikakiona kile kipande chake cha chuma, nikaiona hata karatasi ya mtihani. Hapo nilikuwa na njia nyingi. Ningeweza kurudi kwa mhunzi wa Zagayu kama bado yupo, au kwa mwanawe, akizime upya. Ningeweza kumwambia guku. Nilichofanya ni kutafuta msasa mezani kwa mafundi, nikasugua ule ubuluu mpaka ukaisha. Rangi iliondoka, makali yakawa meupe kama fedha. Ugumu uliokuwa umeondoka na ile rangi haukurudi, na wakati nasugua nilikuwa najua haurudi, na nikazidi kusugua.

Jumapili ya wiki ile nikarudi Mwamapalala, nikakukabidhi mbele ya watu wote. Guku alichukua ukanda wa ngozi ya ng'ombe, ile kavu, akaupitishia kisu, ukakatika kama tembele. Makali mapya hukata siku ya kwanza hata yakiwa kwenye chuma laini, ila hayakai. Guku hakuwa na namna ya kuliona hilo. Akasema, "Kumbe mkono haujasahau." Luhende akanipigia saluti kabisa: "Karani, naondoa neno langu. Kalamu ibaki ofisini." Na wewe ukasema, "Baba, kinang'aa kuliko cha dukani."

Nilitabasamu, Mabula. Nilikushika bega. Mtu angetuona angedhani ni siku njema, na wewe ulikuwa na siku njema kweli, ulilala nacho.

Sasa nifike kwenye lile linalonikosesha usingizi kuliko lile la karakana. Kuogopa meneja kunaweza kueleweka, nina mke na watoto. Hili jingine halina meneja ndani yake.

Jumapili iliyofuata nilipokuja, hukunipokea njiani kama kawaida yako. Uliningojea nyuma ya kihenge. Nilipokukaribia ukatoa kisu kwenye ala polepole, kama mtu anayefungua kidonda.

"Baba, nimekiharibu kisu cha guku."

Ukingo ulikuwa umekunjwa upande mmoja kama mdomo wa kopo lililobanwa na meno, kuanzia tumboni mpaka nchani, mle mle nilimouona ule mstari. Nilijua kabla hujanionyesha vizuri.

"Ulikatia nini?" nikakuuliza.

"Matawi tu. Tulikuwa tunaziba boma."

"Matawi gani?"

"Ya miiba. Mabichi."

Nikanyamaza. Wewe ulidhani sikuamini. Nikakuona unafikiri. Ukasema, "Labda mojawapo lilikuwa kavu." Nikapapasa ukingo kwa kidole. Ukasema, "Nadhani lilikuwepo kavu, baba. Na huenda niligonga jiwe." Ulikuwa unatafuta kosa lako, na kwa kuwa halikuwepo ulilitengeneza mbele ya macho yangu, kidogo kidogo, mpaka likatosha. Nikakuacha ulimalize. Kisha nikasema, "Kisu si shoka, Mabula. Kinataka akili."

Maneno hayo ni yangu. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Luhende alikuwa upande wa pili wa kihenge, akasikia, akaja. Alikitazama kisu, akakutazama wewe.

"Sikia, kaka," akaniambia, "kule tuendako sitakuwa na muda wa kumchunga mchungaji. Mtoto ameshindwa kutunza kisu wiki moja, nimpe ng'ombe wa ukoo mzima? Huyu atashika ndama na sufuria. Tukifika tutaona."

"Sawa, baba mdogo," ukasema.

"Na usilie."

"Silii."

Ulikuwa hulii kweli. Ningeona afadhali ungelia. Tangu unajua kuhesabu ulikuwa unahesabu ng'ombe, hukuwa na hamu na kitu kingine, na ulipokosa nafasi ya sekondari mimi ndiye niliyeumia, wewe ulikuwa ukipiga mluzi. Safari hii ndiyo iliyokuwa shule yako. Nikamsikia mdogo wangu akikutoa kwenye kundi kubwa na kukupeleka kwenye sufuria kwa kosa la mkono wangu, nami nimesimama katikati yenu, nimevaa shati la ofisini.

Guku alikitaka. Akakigeuzageuza juani. "Kisu hiki hakijawahi kukunjika," akasema. Alipokirudisha hakukupa wewe, alinipa mimi. Sijui aliona nini. Nikasema nitakwenda nacho mjini nikakirekebishe. Nilikichukua kutoka mikononi mwa baba yangu kwa uongo wa pili.

Hapa mjini nilikipima kwa tupa. Mtu anayetaka kujua ugumu wa chuma hachomi wala hapigi, anagusisha tupa kwenye ukingo na kusikiliza mkono wake. Karibu na mpini, ambako jiwe la umeme halikufika, tupa iliteleza kama kwenye chupa. Tumboni na nchani iling'ata, ikashika, ikatoa unga. Kidonda kina upana unaoonekana. Nadhani ni kama upana wa punje moja ya mtama, kutoka kwenye ukingo kuingia ndani. Baada ya hapo kipo chuma cha mhunzi, kile kile, moto haukukifikia.

Nimepata jiwe la mkono, nimekaa nalo chini kila jioni tangu nirudi kazini. Mama yako ameniuliza nini hiki kinachokwaruza, nikamwambia namnolea Mabula kisu, na hilo angalau ni kweli. Ninauondoa ukingo ulioungua polepole, kwa maji, bila mashine. Mikono yangu imetoka malengelenge, na sikuambii hilo ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu katika malengelenge hayo hatimaye nimejua mwinuko wa kisu juu ya jiwe, jambo ambalo guku angenionyesha siku ile kwa dakika chache kama ningecheka na wenzangu. Tumboni nimekwisha kufika. Tupa inateleza. Nchani bado, na usiku hautanitosha.

Kwa hiyo sehemu iliyobaki ni yako, na namna yake ni hii. Tafuta jiwe la mtoni lenye chembe ndogo, ambalo ukipitisha kucha halikwaruzi sana. Liwe limelowa muda wote. Laza kisu juu yake, kisha inua mgongo kiasi cha kupenyeza vijiti viwili vya kiberiti vilivyopandana, na usiuache mwinuko huo ubadilike. Kama mkono unachoka, pumzika, usiendelee. Kisukume kana kwamba unataka kukwangua utando mwembamba juu ya jiwe. Fanya upande mmoja mpaka ukipapasa upande wa pili kwa kidole, ukitoka mgongoni kwenda kwenye makali, usikie kijimkwaruzo kidogo kote. Ndipo ugeuze. Mwishoni kiburute kinyumenyume kwenye mkanda wako wa ngozi. Nchani kisu kinapinda, kwa hiyo inua mpini kidogo unapofika hapo, la sivyo jiwe halitagusa. Usikimalize siku moja. Kila mnapolala penye maji, noa kidogo.

Nimekufungia kipande cha tupa kwenye kitambaa. Pima nacho nchani, kwa kugusa tu. Ikiwa bado inang'ata, bado uko kwenye kosa langu. Siku itakapoteleza utakuwa umefika kwenye chuma cha guku. Kisu kitakuwa kimepungua upana na kitaonekana cha mtu aliyekitumia, jambo ambalo nilipaswa kulifanya mimi. Kwa kuwa nilikionea haya miaka yote hiyo, kimebaki na chuma cha kutosha kuondoa nilichokiunguza na bado kikakutosha mpaka uzeeni. Mpaka hapo usikiamini nchani. Usipasulie kitu kigumu, usichokoe kwato kwa ncha. Na usigeuzie nyama kwenye makaa kwa kisu. Makaa nayo yanaweza kufanya nilichofanya mimi, na hutaona rangi kwa sababu ya masizi. Ukishakausha, kipake mafuta ya ng'ombe, kwa kuwa chuma hiki hushika kutu, tofauti na kile cheupe changu.

Nimesimama kidogo, nimekwenda kukuangalia. Umelala chali kama ulivyokuwa unalala udogoni. Umekunja nguo zako zote wewe mwenyewe na kuzipanga, na juu yake umeweka ala tupu.

Nimerudi nikasoma nilichoandika, na nimefika pale mwanzoni ninapokuomba ufiche kila neno. Naona sasa nilichokuwa nakuomba. Nilikuwa nakuomba ushike sufuria na ndama mpaka Rukwa, huku unajua kwamba hukukosa, ili mimi nisionekane. Safari hii ungebeba kosa langu ukiwa unalijua, na hilo ni zito kuliko la kwanza. Ningeweza kuchana karatasi ile ya mwanzo na kuiandika upya, barua ikaonekana ya mtu jasiri. Nimeiacha. Nataka uone jinsi ninavyoanza ninapoogopa, ili siku ukijisikia unaanza hivyo uitambue sauti.

Ombi lile nimeliondoa. Usiitie barua hii motoni.

Kesho alfajiri tutakwenda wote Mwamapalala. Kabla ng'ombe hawajatolewa nitasimama pale langoni, penye jiwe, nimwambie guku na Luhende. Najua Luhende hawezi kukaa na neno, na madereva wote wanaoleta pamba mizani ni marafiki zake; litafika kiwandani kabla ya wiki kuisha. Basi lifike. Lakini unanijua, Mabula. Nimewahi kusimama na ndoo mkononi na bomba liko mbele yangu. Ukiona nimesimama langoni naongea habari za mvua na njia, na ng'ombe wanaanza kutoka, usiningoje. Mpe Luhende barua hii. Hasomi haraka, msomee wewe, kwa sauti, anzia pale penye gazeti na karakana. Akishasikia, mwambie baba amesema kundi kubwa ni lako kulichunga, na yeye akitaka mtu wa sufuria anaweza kuja kunichukua mimi.

Sasa namna ya kunipata. Barua zitachelewa, wala usizitegemee. Siku za mnada, popote mtakapokuwa, nenda penye malori yanayopakia ng'ombe au mchele kuja huku kwetu, utafute dereva anayepita Bariadi. Mwambie afike kwenye geti la kiwanda cha pamba, lakini asiingie ofisini. Pale nje kuna mama anayeuza chai na vitumbua chini ya turubai. Amwulizie karani wa mizani, yule mwembamba anayevaa miwani. Mama huyo atanifikishia. Akijibiwa kwamba karani huyo hayupo tena kazini, dereva asisikitike wala asirudishe ujumbe. Aende Mwamapalala, aulize boma la guku wako, na atanikuta pale langoni nimekaa kwenye jiwe, nikinolea watu visu vyao.

Asipate shida ya kukumbuka maneno mengi. Mwambie aseme tupa imeteleza, basi. Nitajua.

Baba yako